UZI: Tunakaa juu ya gesi. Tuwafundishe vipi wanafunzi wa sekondari Mtwara na Lindi nishati, na nani anaamua?

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha Jiografia na Uraia sekondari, hapa Mtwara. Naleta hoja kwa walimu wenzangu wa Kusini, wazazi, na yeyote anayejali watoto wetu wanajifunza nini.

Mtoto wa Msimbati au wa kisiwa cha Songo Songo anamaliza kidato cha nne akijua kutaja vyanzo vya nishati. Anajua vinavyojirudia na visivyojirudia, anaandika faida na hasara, anapata alama zake. Muulize nani aliamua gesi ya kijijini kwao ipelekwe wapi, kwa sheria ipi, na halmashauri yake inaingiza nini: kimya. Na huyu ndiye mtoto ambaye miaka michache ijayo atakaa kwenye mkutano wa kijiji akiulizwa kama anakubali fidia ya shamba lake.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Ya Mnazi Bay, pale Msimbati, 1982. Ya Songo Songo ilianza kufua umeme Dar mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar likazinduliwa 2015. Yaani hii ni habari ya nusu karne, imepita milangoni mwetu, na darasani tunaipa aya moja.

Ninachopendekeza ni kuanzia na vitu ambavyo mwanafunzi anavishika kwa mkono, kisha kwa kila kimoja tumuulize swali lile lile: nani ameamua iwe hivi, na angeweza kuamua vingine? Nitaeleza ninavyofanya, mnikosoe.

Naanza na mtungi wa gesi, kwa sababu hapa ndipo pana malalamiko makubwa kuliko yote. Kila mwaka wanafunzi wananiuliza: "Mwalimu, gesi inatoka kwetu, mbona mtungi haujashuka bei?" Ni swali la haki kabisa na wazazi wao wanaliuliza hivyo hivyo kijiweni. Jibu linaanza kwenye kemia. Ya mtungini ni propani na butani. Ukiigandamiza kidogo tu inakuwa kimiminika kwa joto la kawaida, ndiyo maana inakaa kwenye mtungi mwepesi ambao mama anabeba kichwani. Nchi yetu inaiagiza kutoka nje, inakuja na meli. Ya Msimbati na Songo Songo ni methani, zaidi ya asilimia 95. Hiyo haigeuki kimiminika mpaka uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Kwa hiyo inasafiri kwa bomba, au inashindiliwa kwenye matangi mazito kama yale ya magari yanayotumia gesi.

Mwanafunzi akishaelewa hapo, mambo mengi yanafunguka kwa mpigo. Anaelewa kwa nini bei ya mtungi inafuata soko la dunia na gharama za meli. Anaelewa kwa nini zipo nyumba Mtwara mjini zilizovutiwa gesi asilia kwa bomba na nyingine hazijafikiwa, maana bomba la mtaani ni gharama na lazima mtu apange lianzie mtaa gani. Na anaelewa mradi wa Likong'o pale Lindi unahusu nini: kuipoza methani mpaka ujazo wake upungue karibu mara 600, ili ipakiwe melini. Kiwanda cha kufanya kazi hiyo kinakadiriwa kugharimu makumi ya mabilioni ya dola.

Baada ya hapo ndipo swali la sera linakuwa na miguu: fedha zikiwa chache, serikali iweke ruzuku kwenye mtungi wa kuagiza, au itandaze mabomba ya gesi ya ndani kwenye miji ya Kusini? Darasa linagawanyika lenyewe, huna haja ya kulipanga.

#2 Mleta uzi (naendelea)

Kitu cha pili ni risiti ya Luku, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Waambie wanafunzi waje nazo kutoka nyumbani, au waandike ujumbe wa simu wa mzazi kama ulivyo. Ni karatasi ya sera kuliko kitabu chochote nilichonacho kabatini.

Kwa viwango tulivyovizoea, mteja wa kawaida analipa shilingi 292 kwa yuniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji) asilimia 1 na REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3. Jumla asilimia 22. Kwa hiyo yuniti moja inamfikia kwa shilingi 356 na senti kidogo, ndiyo maana elfu kumi inampa yuniti 28 na kitu. Jirani yake mwenye matumizi madogo yuko kwenye kundi la shilingi 100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza asilimia 22, yuniti 75 zinamgharimu 9,150. Akivuka 75, kila yuniti inayozidi inahesabiwa kwa 350 kabla ya makato.

Hesabu hii anaiweza mtoto wa kidato cha kwanza. Lakini ona maswali yanayozaliwa. Kwa nini kwa fedha ile ile mmoja apate yuniti 75 na mwingine 25? Nani anaifidia ile tofauti? Nyumba moja ya wapangaji yenye mita moja, familia nne, inavuka 75 haraka na inaadhibiwa, ingawa kila familia peke yake ni ya kipato cha chini. Hilo wanafunzi waliligundua wenyewe, kwa sababu ndimo wanamoishi.

Ile asilimia 3 ya REA nayo. Inakwenda kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2005. Mwanakijiji anayeunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000 hajalipa hata gharama ya nguzo. Sehemu ya pengo inazibwa na makato haya, yaani na mama lishe wa Mtwara mjini anayenunua tokeni ya elfu mbili. Wanafunzi wa mjini wanashtuka wakilijua hilo. Wanafunzi wa vijijini wanashtuka zaidi. Wengi husema ni sawa, ila wanataka kujua kijiji kinachofuata kinachaguliwaje. Hilo ni swali la kupeleka kwa diwani, na nawahimiza walipeleke.

Na kodi ya jengo ambayo inakatwa humo humo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ina uhusiano gani na umeme? Hauna. Iliwekwa kwenye Luku kwa sababu Luku inamfikia kila mwenye mita. Hapo unafundisha ukusanyaji wa kodi bila kufungua kitabu cha Uraia.

Muhimu wajue bei haishuki kutoka mbinguni. TANESCO wanaomba, EWURA wanaita wadau kutoa maoni, kisha wanatoa amri ya bei. Mwananchi ana haki ya kusimama pale akasema. Watu wazima wengi hawalijui hilo, sembuse watoto.

#3 Mchangiaji, Masasi

Mwalimu, asante sana kwa uzi. Huku kwetu usisahau malori ya makaa ya mawe. Watoto wanavuka barabara kuu kwenda shule huku malori yanapishana usiku na mchana. Hiyo si nishati?

#4 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Masasi, hiyo ni nishati na ni somo zima.

Makaa yanatoka Ngaka, Mbinga, mkoani Ruvuma, yanapita Songea, Tunduru, Mangaka, Masasi mpaka bandari ya Mtwara. Mzigo uliongezeka sana kuanzia 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuivuruga biashara ya gesi na makaa huko Ulaya na wanunuzi wakaanza kutafuta makaa mahali pengine. Uamuzi umefanyika mbali, vumbi limetua Masasi. Na fedha pia zimetua: madereva, mama lishe wa njiani, vibarua wa bandarini, mapato ya bandari ambayo kwa miaka ilikuwa inasubiri msimu wa korosho tu.

Mimi ningewapa wanafunzi wa Masasi kazi ya kuhesabu malori kwa saa moja, asubuhi na jioni, wakiwa wamekaa mbali na barabara na mwalimu yupo. Kisha wahoji watu wa aina mbili: mwenye biashara ya njiani na mwenye nyumba ya njiani. Warudi darasani wajadili nani alipie uharibifu wa barabara, na kwa nini serikali imeamua kujenga bandari nyingine Kisiwa-Mgao kwa ajili ya mizigo michafu kama makaa na saruji. Na mwalimu wa Kemia aingie hapo: kwa umeme ule ule, makaa yanatoa hewa ukaa karibu mara mbili ya gesi asilia. Sisi tuna gesi, tunasafirisha makaa ya jirani yetu, na wanaoyanunua wako ng'ambo. Mwanafunzi akishindwa kuliona hilo kuwa jambo la kufikirisha, kosa ni la mwalimu.

#5 Mchangiaji, mzazi, Mtwara mjini

Samahani mwalimu, mimi nitasema wazi. Mwaka 2013, kwenye ghasia za bomba la gesi, nilikuwa hapa. Niliona moto, niliona wanajeshi mitaani, nafahamu waliozika. Mambo ya "nani ameamua" ndiyo yalianza hivyo hivyo. Mtoto wangu namleta shule asome, sitaki aingizwe kwenye siasa za gesi. Je, nyie walimu mna uwezo wa kulisema hili bila kuwasha kibiriti?

#6 Mleta uzi

Mama (au baba, unisamehe kama nimekosea), nakuelewa na nashukuru umelisema. Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Wanafunzi tulionao leo mwaka 2013 walikuwa mgongoni au hawajazaliwa. Lakini wanajua. Wanasikia nyumbani kwa vipande: huyu anasema tuliibiwa, yule anasema tulichochewa. Shule ikinyamaza, vipande hivyo ndivyo vinabaki kuwa elimu yao yote kuhusu gesi. Hilo linanitisha kuliko mjadala wa darasani.

Ninachofanya ni kuweka miaka ubaoni kwa mstari mmoja, bila maoni yangu. Ujenzi wa bomba ulizinduliwa 2012, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Desemba 2012, maandamano makubwa Mtwara. Januari 2013, ghasia, Masasi ikiwemo. Mei 2013, siku za bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, ghasia tena, watu walipoteza maisha na mali zikateketea. Oktoba 2013, Sera ya Gesi Asilia. Julai 2015, sheria ya petroli, sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi, na sheria ya uwazi na uwajibikaji kwenye uziduaji (uchimbaji wa madini, mafuta na gesi), zote zikapita bungeni kwa hati ya dharura. Oktoba 2015, bomba linazinduliwa.

Nikimaliza nakaa kimya. Sijawahi kuona darasa ambalo halikuuliza lenyewe: sera ilikuja baada ya bomba kuanza kujengwa? Hapo nimeshamaliza kazi yangu ya Uraia, maana wameelewa kazi ya sera ni nini na kwa nini mpangilio wake una maana. Hakuna chama kilichotajwa.

Kisha tunachukua hoja za pande zote mbili kwa uzito sawa, na hapa ndipo namwita mwenzangu wa Fizikia. Wananchi walisema: jengeni mitambo ya umeme huku, msafirishe umeme. Serikali ilisema: gesi ni ya taifa zima, na watumiaji wakubwa wako Dar. Nani yuko sahihi kiufundi? Umeme unaposafiri mbali, sehemu inapotea kama joto kwenye nyaya. Upotevu unafuata mraba wa mkondo, kwa hiyo ukipandisha volti mara mbili kwa nguvu ile ile, mkondo unapungua nusu na upotevu unabaki robo. Ndiyo maana nyaya za masafa marefu zina volti kubwa. Inawezekana basi kusafirisha umeme kutoka Mtwara, ila unahitaji laini kubwa ya kilomita mia kadhaa, ambayo wakati ule haikuwepo. Bomba lina faida nyingine: gesi yake inaingia kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar, na hiyo hiyo inaingia viwandani na kwenye magari. Umeme ukishaufua Mtwara, kiwanda cha Dar kinachotaka joto la gesi hakipati kitu.

Upande wa pili, mtambo ukijengwa Mtwara unavuta barabara, mafundi, nyumba, na umeme wa uhakika unaoweza kuvuta viwanda. Mji wenyewe kwa miaka ulitegemea kituo cha mashine 9 za megawati 2 kila moja. Mashine mbili zikiharibika, mgao. Hasira ya watu haikutoka hewani. Lakini pia mwanafunzi ajue ukweli kwamba mtambo wa umeme ukishakamilika huajiri watu wachache. Ajira nyingi ni za wakati wa ujenzi. Anayeahidi vijana ajira za kudumu kutoka kwenye mtambo peke yake hawatendei haki.

Unaona, mzazi wangu? Mtoto akitoka hapo ana hesabu, ana tarehe, na ana uwezo wa kutetea upande ambao si wake. Nawalazimisha kubadilishana pande katikati ya mdahalo. Aliyekuwa mwananchi anakuwa waziri. Sauti zinashuka zenyewe.

#7 Mchangiaji, mwalimu wa Fizikia, Nachingwea

Hoja nzuri, ila mwalimu mwenzangu tuseme ukweli: muda uko wapi? Muhtasari ni mrefu, mitihani ya NECTA haimsubiri mtu, darasa lina watoto wengi, na yote haya tunafundisha kwa Kiingereza ambacho nusu ya darasa hawakimudu.

#8 Mleta uzi

Mwalimu, simwombi mtu kipindi cha ziada. Mada ya nishati ipo kwenye Jiografia na Fizikia, serikali za mitaa zipo kwenye Uraia, asilimia zipo kwenye Hisabati. Badilisha mifano tu. Swali la umeme la kitabuni lina nyumba yenye taa tano; liwe na risiti ya Luku ya Nachingwea. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu yuniti za nyumbani kwao hababaishwi na swali la mtihani la kilowati-saa.

Kuhusu lugha, istilahi na maandishi ya mtihani nafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Mdahalo nauweka jioni, kwenye klabu, kwa Kiswahili. Mtoto ambaye hajafungua mdomo darasani muhula mzima, utamwona anasimama kumtetea mvuvi wa Msimbati.

Kama una muda wa jambo moja tu, chukua jiko la shule. Serikali ilielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sasa kaeni na mpishi. Tripu moja ya kuni ni shilingi ngapi, inakaa siku ngapi, maharage yanaiva kwa saa ngapi, macho ya mpishi yakoje? Halafu bei ya majiko ya gesi, mitungi mikubwa, majiko banifu, hata sufuria za umeme. Wanafunzi waandae pendekezo la ukurasa mmoja walipeleke kwa bodi ya shule. Ndiyo sera hiyo, na wanayemwandikia wanamfahamu kwa sura. Wakijibiwa "hakuna fedha", wamejifunza sehemu ngumu kuliko zote: amri bila bajeti inaishia wapi.

Mtaona pia agizo hilo linagusa uchumi wa wazazi wao. Wapo wanaosomesha watoto kwa kuchoma mkaa. Msiliruke.

#9 Mchangiaji, kijana, Kilwa

Mwalimu, sisi Kilwa gesi imetoka miaka yote hii. Halmashauri inapata nini hasa? Na vijana wasomee nini kujiandaa na huo mradi wa Likong'o?

#10 Mleta uzi

Mdogo wangu, kwa swali la kwanza, halmashauri ina ushuru wa huduma, unaotokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Fedha nyingine kubwa, mrabaha na mgawo wa gesi, zinaingia Serikali Kuu na TPDC, shirika la taifa la petroli. Mrabaha kwa sheria ya 2015 ni asilimia 12.5 kwa nchi kavu na maji ya kina kifupi, 7.5 kwa bahari ya kina kirefu. Kwenye Mnazi Bay, TPDC sasa wana hisa asilimia 40, kwa hiyo taifa ni mbia kule pia.

Ukitaka tarakimu ya Kilwa yenyewe, bajeti ya halmashauri inajadiliwa na madiwani, na mikutano ya baraza ni ya wazi kwa wananchi. Nenda ukasikilize. Kijijini, mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Wanafunzi wangu nawapa kazi ya kumwuliza mtendaji ubao wa matangazo uko wapi na umebandikwa nini. Matokeo yanatofautiana sana kijiji na kijiji, na tofauti hiyo ni mjadala tosha.

Swali la pili nalijibu kwa tahadhari kwa sababu ni maisha ya watu. Makubaliano ya awali ya Likong'o yalisainiwa Juni 2022. Mazungumzo ya mikataba yenyewe yamekuwa marefu, na wawekezaji huamua kujenga pale tu hesabu zao za mwisho zinapokubali. Kuna watu wa Likong'o walisubiri fidia miaka huku wakiwa hawajui wapande mikorosho au wasipande. Kwa hiyo usisomee mradi, somea ufundi unaohitajika hata mradi ukichelewa: uchomeleaji, umeme, mitambo, mabomba. Fundi bomba mzuri anahitajika kwenye gesi, kwenye maji, na kwenye kiwanda cha korosho ambacho kinachemsha maji yake kwa kuchoma maganda.

Na wakati ukisoma ufundi, jua pia nchi inabadilika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Gesi haibebi tena umeme wa taifa kama ilivyokuwa miaka ya bomba. Gesi ya Mnazi Bay itumike kufanyia nini sasa: mbolea, viwanda, majiko, magari? Hilo swali liko wazi, na watakaolijibu ni kizazi chenu.

#11 Mchangiaji, mwalimu wa Fizikia, Nachingwea

Nimekuelewa. Jumatatu naanza na risiti za Luku kidato cha tatu. Una karatasi ya maswali uliyoiandaa?

#12 Mleta uzi

Ninayo, nitaiweka hapa hapa kwenye uzi ili kila mtu aichukue. Ila usiwape yote. Anza na matatu: yuniti moja imekufikia kwa bei gani baada ya makato, kila kato linakwenda kwa nani, na lipi ungelipunguza kama ungekuwa mbunge, halafu fedha hiyo ungeitoa wapi pengine. Hilo la mwisho wape wiki nzima, na waambie wakaulize nyumbani kabla ya kuandika. Majibu yao yalete hapa tuyasome.